Kuhamia Dar kikazi ukitokea Kigoma au Tabora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilikaa Dar es Salaam miaka sita, kwanza Gongo la Mboto kisha Kimara, halafu nikarudi Kigoma. Tangu nirudi, hazipiti wiki mbili bila kijana, au mzazi wa kijana, kuniuliza kama aende. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika pamoja na majibu ninayoyatoa. Wa Tabora yatawafaa pia, na penye tofauti nimesema. Bei zote humu ni za kupigia hesabu tu. Weka zako.

## Kabla hujaamua

Nimepata kazi Dar ya laki sita. Hapa napata laki tatu na nusu. Niende?

Mimi nikiulizwa hivi huanza kwa kuuliza: hapa unalala wapi? Anayelala kwao Mwanga au Ujiji halipi pango, anatembea kwa miguu hadi kazini, na mchana anarudi nyumbani kula. Vitu hivyo vitatu, yaani pango, nauli na chakula cha mchana, ndivyo vitakavyomla mshahara Dar. Usilinganishe laki sita na laki tatu na nusu. Linganisha kinachobaki tarehe 30 ya mwezi huku na kule. Hesabu yenyewe nimeifanya hadi mwisho kwenye swali la laki sita hapo chini, na matokeo yake huwashangaza wengi.

Pesa ikishahesabiwa, jiulize kazi hiyo itakufundisha nini. Kuna kazi za Dar ambazo kinachobaki ni kidogo, lakini baada ya miaka miwili umekuwa fundi wa kitu ambacho Kigoma nzima wanakijua watu wachache. Hiyo mimi ningeiendea. Na kuna kazi ya kukaa dukani ambayo ungeweza kuifanya hapa hapa soko la Mwanga.

Sina kazi bado. Niende nikatafute huko huko?

Nenda kama una mambo matatu: mahali pa kulala kwa miezi mitatu bila kufukuzwa, pesa ya kula na nauli kwa muda huo, na ujuzi au kazi ya mikono unayoweza kuianza hata kesho. Fundi umeme, fundi cherehani, dereva mwenye leseni na mpishi hawakai muda mrefu bila kibarua. Mwenye cheti peke yake hukaa, tena hukaa sana, kwa sababu vijana wenye cheti kama chake wanatoka mikoa yote. Sensa ya 2022 ilihesabu Dar watu zaidi ya milioni 5.3, zaidi ya mara mbili ya mkoa wetu wote wa Kigoma.

Wengi huanzia Kariakoo kama winga, yaani kumleta mteja dukani na kulipwa kwa kilichouzwa. Ni kazi halali na imewatoa watu. Lakini haina mshahara: kuna siku utapata elfu thelathini, na kuna siku tatu mfululizo utarudi mikono mitupu. Usiitegemee ikulipie pango la mwezi wa kwanza.

Mbona kila mtu wa huku anaenda? Lazima kuna kitu kule.

Kipo, na si cha leo. Wanyamwezi walibeba mizigo ya misafara hadi pwani karne ya 19. Waha wakaenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro wakaitwa manamba, yaani vibarua wa mkataba. Reli ya kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na tangu hapo njia ya kwenda pwani haijawahi kukosa watu. Ila unaowasikia ni waliopata. Aliyeuza godoro akarudi kimya kimya hasimulii kijiweni, kwa hiyo hesabu yetu sote ina watu pungufu.

Ziwa limefungwa. Niende Dar kwa miezi mitatu tu kisha nirudi?

Tangu 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika husimama kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na swali hili huja kila Mei kutoka Kibirizi, Katonga na vijiji vya kandokando ya ziwa. Kwa miezi mitatu, Dar haikulipi isipokuwa unafikia kwa mtu na kazi inakusubiri. Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na wiki za mwanzo za kuzungukazunguka, zinakula kibarua cha mwezi mzima. Wanaofaidika zaidi kwa muda huo ni wanaopanda na mzigo: dagaa waliokaushwa kabla ya ziwa kufungwa, au mawese, wakiwa na mteja anayejulikana kwa jina na simu.

Tabora swali hili huja baada ya tumbaku kuuzwa. Huko mtu ana hela mkononi, na hatari yake ni kuimalizia Dar kabla ya msimu mwingine kuanza.

Kwa nini iwe Dar na si Mwanza au Dodoma?

Kwa mtu wa Tabora hasa, ulizia kwanza Mwanza na Dodoma. Pako karibu, na ukikwama unarudi kwa nauli ndogo. Dar iwe jibu pale ambapo kazi unayoitaka iko Dar peke yake: bandari, viwanda vikubwa, makao makuu ya makampuni, biashara ya jumla ya Kariakoo.

## Hesabu

Laki sita ikikatwa, mkononi inabaki ngapi?

Tuchukue mshahara wa 600,000 wenye mkataba halali. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanakata asilimia 10, yaani 60,000, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho kutoka mfukoni mwake. Kodi ya mshahara, ile PAYE, inahesabiwa kwenye 540,000 zilizobaki: hadi 270,000 hulipi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, na kinachozidi 520,000 ni asilimia 20 hadi ufike ngazi inayofuata. Hiyo inakuwa 20,000 na 4,000, jumla 24,000. Unapokea 516,000.

Sasa matumizi ya mtu mmoja. Chumba kimoja pembezoni mwa mji 80,000. Umeme na maji 20,000. Nauli: magari mawili kwenda na mawili kurudi, tuseme 700 kila gari, siku 26, ni 72,800. Chakula cha mchana kwa mama lishe 3,000 kwa siku hizo 26 ni 78,000. Chai na chakula cha jioni 5,000 kwa siku 30 ni 150,000. Simu 20,000. Jumla 420,800. Inabaki 95,200, na hapo hujaumwa, hujanunua kiatu, hujamtumia mama.

Rudi Kigoma na zile 350,000. NSSF 35,000, kodi 3,600, unapokea 311,400. Unalala kwenu, unachangia chakula 150,000, umeme 15,000, simu 15,000. Inabaki 131,400. Mshahara mdogo umebakiza zaidi.

Lakini kama hapa Kigoma unapanga kwa 50,000, kinabaki 81,400, na Dar inaizidi kwa 13,800. Ndiyo maana nauliza kwanza unalala wapi.

Nina mkopo wa Bodi. Hesabu inabadilika?

Inabadilika sana. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi: kwenye 600,000 ni 90,000. Zile 95,200 zinabaki 5,200. Kama mwajiri wa sasa hakuwa akikata na wa Dar atakata, lijue hilo kabla hujasaini.

Kabla ya mshahara wa kwanza nahitaji kiasi gani?

Hapa ndipo watu wengi hukwama, wakiwa na kazi nzuri kabisa. Mwenye nyumba Dar mara nyingi anataka pango la miezi sita kwa mkupuo. Kwa chumba cha 80,000 ni 480,000. Dalali anachukua pango la mwezi mmoja, 80,000. Godoro, jiko la gesi, ndoo, sufuria na pazia, weka 250,000. Kula na nauli hadi mshahara, 340,000. Jumla 1,150,000 kabla ya nauli ya kutoka huku. Ukimpata mwenye nyumba anayekubali miezi mitatu unashuka hadi 910,000. Wapo wanaokubali, hasa nyumba ambayo mwenyewe anaishi humo humo. Omba, na ongea naye uso kwa uso, kwa sababu dalali hana haraka ya kukuombea.

Usilipe kabla hujakiona chumba kwa macho yako au ya mtu unayemwamini, na nenda kakione mchana na jioni. Mchana utaona kuta; jioni utajua kama maji yanatoka. Uliza LUKU, yaani mita ya umeme, ni ya chumba chako au ya nyumba nzima. Gongo la Mboto tulikuwa vyumba saba kwenye mita moja. Ukutani kulikuwa na karatasi ya majina na kiasi cha kila mtu, na kila wiki palizuka ugomvi juu ya pasi ya mmoja wetu aliyefua nguo za watu kwa malipo. Hakuwa na kosa, ile ndiyo ilikuwa kazi yake. Mita ya pamoja haikuwahi kutupatanisha.

Nikae mtaa gani?

Kwanza jua kazi iko wapi, ndipo utafute chumba kwenye njia hiyo hiyo ya gari. Kazi viwandani Barabara ya Nyerere, tazama Gongo la Mboto, Kiwalani, Vingunguti. Kazi Posta au Kariakoo, tazama Kimara na Mbezi kwa ajili ya mwendokasi, ulioanza 2016, au Buguruni kama utamudu pango. Kazi Mikocheni, ukikaa Chanika, mbele zaidi ya Gongo la Mboto, utaumia.

Pango la Chanika ni dogo kwa sababu. Nilipokuwa Gongo la Mboto, kazi yangu ikiwa Posta, niliamka saa kumi alfajiri. Saa kumi na nusu kituoni tayari palikuwa na watu kama wa sokoni. Gari likija kugeuza, vijana walirusha mabegi dirishani kuwahi viti, wengine wakaingia wenyewe kwa dirisha hilo hilo, na kina mama wenye watoto wakabaki chini kusubiri la tatu. Jioni hivyo hivyo. Saa nne hadi tano za siku yangu ziliishia barabarani, nikiwa nimesimama. Nilipohamia Kimara niliongeza pango nikalala saa moja na nusu zaidi kila usiku. Pesa hiyo sijawahi kuijutia.

Nifikie kwa ndugu kwanza?

Ndiyo, kama yupo na amekubali kwa mdomo wake mwenyewe, si kwa mama yako kumwambia kwamba unakuja. Kaka au shangazi yako ana chumba na sebule, watoto watatu, na wewe utalala sebuleni baada ya televisheni kuzimwa. Taja tarehe ya kuondoka siku ile ile unayofika. Mwezi mmoja ni vizuri, miwili ni kawaida, wa tatu mnaanza kuangaliana vibaya. Fika na mzigo wa nyumbani: dagaa, lita tano za mawese, au asali kama unatoka Tabora. Na mshahara wa kwanza ukitoka, nunua mchele na mafuta ya nyumba ile kabla hujajinunulia chochote.

Nyumbani wakijua niko Dar, simu za kuomba hela hazitaisha. Nifanyeje?

Kaa na wazazi kabla ya kuondoka, chukua karatasi, waoneshe hesabu kama ile ya juu. Mimi sikufanya hivyo. Kwa mwaka mzima baba aliamini mshahara niliomtajia ndio niliokuwa nao mfukoni, na kila nilipomtumia elfu ishirini aliona nimemdharau. Siku nilipomwandikia pango, nauli na makato mstari kwa mstari, alinyamaza muda, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, wewe unakula nini?" Ningemwambia mwaka mmoja mapema, tusingepoteza mwaka ule.

Kubalianeni kiasi kidogo kisichobadilika, hata elfu kumi na tano, tarehe ile ile kila mwezi. Ugonjwa na msiba vinabaki nje ya makubaliano hayo.

## Kazi na mkataba

Wamenipigia simu nimepata kazi, ila nitume hela ya fomu au ya sare. Nitume?

Usitume. Mwajiri anayekulipa hahitaji kulipwa na wewe. Hata kama wamelitaja jina la kampuni kubwa, tafuta mtu aliyeko Dar aende hadi mlangoni kuuliza.

Kwenye mkataba niangalie nini?

Kwanza uwe umeandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi: cheo, mahali pa kazi, saa, mshahara. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo, na anayelipwa kwa mwezi hupewa taarifa ya siku 28 kabla ya kuachishwa, isipokuwa mwezi wa kwanza ambapo ni siku saba. Ujue pia kwamba kabla hujatimiza miezi sita kwa mwajiri, ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki haujakufikia. Kwa hiyo miezi sita ya mwanzo usiuze chochote cha nyumbani.

Angalia NSSF kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mwajiri wangu wa kwanza alinikata miezi kumi na moja, na nilipouliza taarifa ya michango nikakuta miezi minne tu. Nilipata haki yangu baadaye, lakini kwa kupoteza siku nyingi za kazi.

Kazi ikiisha, nani ananilipia nauli ya kurudi Kigoma?

Swali hili huulizwa na wachache, na ningependa liulizwe na wote. Sheria hiyo hiyo inasema ukiachishwa kazi mahali tofauti na ulipoajiriwa, mwajiri akusafirishe wewe na mizigo yako hadi ulipoajiriwa, au akulipe gharama hiyo, pamoja na posho ya kujikimu ya kila siku unapokuwa unasubiri. Neno la kulishika ni "ulipoajiriwa". Aliyefanyiwa usaili Kigoma akaitwa akiwa Kigoma, aliajiriwa Kigoma. Aliyepanda gari mwenyewe akapata kazi akiwa tayari Mbagala, aliajiriwa Dar, na nauli ya kurudi ni yake.

Kwa hiyo kama wamekupata ukiwa huku, omba mkataba useme wazi kwamba mahali pa kuajiriwa ni Kigoma, au Tabora. Ni mstari mmoja. Hata manamba waliochukuliwa kwa mkataba walikuwa na safari ya kurudi kwenye mkataba wao.

Ukiona umeachishwa isivyo haki, lalamiko linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Usikae kungoja meneja apoe hasira.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Nikiomba uhamisho nitalipwa?

Ukiomba mwenyewe, gharama ni zako. Anayelipwa ni aliyehamishwa na mwajiri. Matumizi yako Dar ni yale ya hesabu ya laki sita, ila mshahara haupandi hata shilingi.

## Familia na hali za pekee

Mke na watoto waje lini?

Baada ya miezi sita, na baada ya kuhama chumba kimoja. Muda huo huwa mgumu kwa wote wawili, na mke asiachwe kwa wakwe bila yeye mwenyewe kukubali. Wakija, shule ipatikane kabla ya chumba. Mtoto wa darasa la pili hawezi kugombania daladala niliyoieleza hapo juu.

Sina kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA. Nitakishughulikia nikifika?

Hapana. Shughulikia ukiwa hapa, hata kama itakuchelewesha. Bila namba ya NIDA hutasajili laini ya simu, na benki na NSSF watakuuliza. Sisi wa mkoa wa mpakani tunaulizwa uraia zaidi ya wengine, na wanaoweza kukutambua, yaani mwenyekiti wa kijiji, wazazi na jirani aliyekuona ukizaliwa, wako huku. Nimeona vijana wakirudi Kasulu na Kibondo kutoka Dar kwa ajili ya sahihi moja.

Kuna mama amekuja kijijini anatafuta binti wa kazi za ndani Dar. Nimruhusu mwanangu?

Kama hajatimiza miaka 14, sheria inakataza kumwajiri kwa kazi yoyote ile. Kama ni mwanafunzi, abaki shule. Tafadhali sana, mzazi, usikubali ahadi ya kwamba "atasomeshwa huko".

Kama ni mtu mzima na anataka mwenyewe, usimtoe kwa mtu unayemjua kwa jina la mama fulani tu. Mpate mwajiri mwenyewe kwenye simu, upate jina lake kamili, mtaa, na namba ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha umpigie mwenyekiti huyo. Binti awe na simu yake na namba zako azijue kwa kichwa. Mshahara alipwe yeye mkononi mwake, si wewe, wala aliyemleta. Mkae mmekubaliana neno moja ambalo akilisema kwenye simu mbele ya watu utajua anataka kurudi. Na kwa mtoto yeyote aliye hatarini, namba 116 inapigwa bure.

Nimeshakaa mwaka na nusu, hesabu haikubali. Nikirudi watanicheka.

Watakaocheka watacheka wiki mbili. Nilirudi na mabegi mawili. Godoro nilimwachia jirani kwa nusu bei. Kabla ya kurudi fanya haya: tumia pango lote ulilolipa, chukua barua ya kuthibitisha kazi uliyofanya, hakikisha namba na michango yako ya NSSF viko sawa, na chukua simu za wateja na wauzaji uliowajua. Mimi simu hizo ndizo zilizonipa kazi: wawili wananunua dagaa kwangu hadi leo.

Nisafiri kwa usafiri gani, na nifike saa ngapi?

Kutoka Kigoma, treni ya zamani ni njia ya zaidi ya kilomita 1,200 na inachukua siku nzima na zaidi, lakini inabeba mizigo kwa unafuu. Basi linawahi. Kutoka Tabora unaweza kwenda kwa basi hadi Dodoma, kisha ukapanda treni ya umeme iliyoanza safari za Dar 2024, na ndani ya kama saa nne uko mjini.

Basi linakushusha Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na kutoka hapo hadi Mbagala bado ni safari. Likifika usiku wa manane, usitoke nje ya stendi na begi kumfuata mtu aliyekuita "mwanangu" au "ndugu yangu wa Kigoma". Kaa ndani palipo na taa na watu, mpigie mwenyeji wako, ungoje papambazuke.